Kulia ya Nani?

Waliokuwepo Ijumaa ile niwataje kwanza, maana mtu akiachwa nje ya hadithi aliyokuwemo hukasirika, na wengine wao bado wananisalimia. Nilikuwepo mimi, Nekesa wa Sirisia, msaidizi wa chekechea kwenye ukumbi wa kanisa pale Kitale, ambaye watoto waliniita Kukhu, yaani nyanya. Alikuwepo Mwalimu Metrine, mkubwa wangu wa kazi, ingawa kwa umri ningeweza kumbeba mgongoni. Alikuwepo Barasa, mtoto wa fundi wa baiskeli. Mdomo wake haukuwa na breki, kama baiskeli nyingi zilizopita kwa babake. Walikuwepo pacha Mukhwana na Mulongo, binamu zake Barasa, na walipigana naye kama inavyotakiwa. Alikuwepo Nasimiyu, mtoto wa dada yake Mwalimu Metrine, aliyedhani shule nzima ni ya mama yake mdogo. Na alikuwepo Chemutai wa Kipsongo, mtaa wa hapo hapo mjini, mtoto mmoja mwembamba wa kutoka mlimani Elgon, pamoja na mama yake, Yunis, aliyekuwa amesimama mlangoni ameshika mfuko wa nguo za mtoto. Wengine hawakufika, kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi.

Huo mfuko wa nguo ndio ulionitoa jasho. Nitaufikia.

Ninawaandikia nyinyi wasichana mnaoanza kazi ya kushika watoto wa watu, kuanzia na mjukuu wangu Nafula, ambaye juzi ameajiriwa chekechea moja huko Webuye na kila jioni ananipigia simu akilia kuliko watoto wenyewe. Nafula, pangusa machozi usome. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hivyo mkiona mstari umepinda, unyoosheni wenyewe. Nasahau miwani yangu nikiwa nimeivaa. Majina sisahau.

Kazi hii nilifundishwa na Mama Felista, mpishi wa pale kabla yangu, mwanamke mnene mwenye mikono miepesi. Siku ya kwanza nilidhani atanifundisha kupika uji. Akaniambia, "Uji hata wewe unaweza. Kaa chini hapa, nikufundishe kucheza."

Nikasema, "Mama, mimi nimekuja kazi."

"Si ndiyo hii kazi, bana! Kaa chini."

Mchezo wenyewe mnaujua, hata kama kwenu mliuita jina lingine. Kwetu Sirisia tuliuita tu "iko wapi". Mtoto mmoja anaficha kitu kidogo mgongoni, anakipeleka mkono huu na mkono ule, halafu anatoa ngumi mbili mbele. Mwenzake anabahatisha: kulia ama kushoto? Mwenye ngumi anafungua mkono uliotajwa. Kitu kikiwa humo, wanabadilishana. Kikiwa hakimo, unachekwa na unaketi. Hakuna kingine. Hauhitaji betri.

Mimi nikaona ni mchezo wa kupoteza muda. Mama Felista akacheka mpaka kitambaa chake cha kichwa kikateleza. Akaniambia, "Watoto wakimaliza kucheza, kitu hiki kimepita kwenye mikono yote, na wewe umeshika mikono yote. Mkono wa moto, huyo ana homa. Mkono wa baridi na umelowa, huyo ameogopa kitu nyumbani. Mkono unanata, huyo amekula sukari ya mwalimu." Wasichana, hilo lichukueni kama lilivyo. Mtoto ukimwuliza kama ni mgonjwa atakwambia hapana kwa sababu anataka kucheza. Mshike ngumi.

Kitu cha kuficha kisiwe haragwe. Hilo nililijua kwa njia yangu. Nilipoachiwa watoto mara ya kwanza nilichukua haragwe kubwa, zuri, lenye madoadoa, nikampa kijana mmoja anaitwa Wekesa, mtoto wa muuza kuku. Zamu yake ilipofika akatoa ngumi mbili, zote hazina kitu. Nikamwuliza, "Wekesa, iko wapi?" Akanijibu kwa sauti ya mtu aliyefungwa pua na kibanio. Nilipiga kelele hadi muuza makaa wa ng'ambo ya barabara akaja mbio na ndoo ya maji, akatafuta moto, akaukosa, akabaki ameniangalia. Mama Felista ndiye aliyempeleka Wekesa zahanati, na huko njiani mtoto akapiga chafya, haragwe likaruka. Mimi nilikuwa bado nimekaa chini, napepewa na watoto kwa vifuniko vya sufuria. Tangu siku ile nilitumia kipande cha gunzi la mahindi. Ni kikubwa kuliko pua, hakiumizi, na huku Trans-Nzoia hakuna aliyewahi kulilia gunzi.

Sasa, nilijiona bingwa wa mchezo huo. Nilipoficha mimi, watoto walikosa mara nyingi, nami nikajisifu hata kwa mchungaji. Siku moja Barasa akaniambia, "Kukhu, sisi tunajuanga. Ukificha, ulimi wako unatoka upande ile umeficha. Lakini tukipata haraka, unaacha kucheza unaenda kuosha sufuria." Ati walikuwa wakikosa makusudi ili niendelee kukaa nao. Nilijaribu kucheza nikiwa nimefunga mdomo. Wakaniambia sasa ni jicho.

Haya. Kulia na kushoto.

Mwalimu Metrine alikuwa na mambo yake ambayo mtoto lazima ayajue kabla ya kupanda darasa la mbele: rangi, kuhesabu, jina la mzazi, na mkono wa kulia na wa kushoto. Hili la mikono aliniachia mimi kwa sababu ya mchezo. Nilifurahi sana kupewa somo. Nilijifunga leso upya.

Kulikuwa na shida ndogo ya ulimi wangu, maana sisi wa upande wa Bungoma herufi mbili hizi, L na R, ya kulia na ya kuria, zinatutoroka. Nikiwaita watoto kwa chakula, "Haya, njooni kura!", Nasimiyu aliuliza, "Kukhu, nani anasimama?" Na kuna watoto waliokuwa wapya, wa kutoka mlimani, ambao Kiswahili kilikuwa bado hakijawakaa. Ukimwambia "kulia!" kwa sauti kubwa, anakuangalia, midomo inatetemeka, anaanza kulia kweli, kwa utii.

Kwa hivyo nikatafuta njia ya kuwaelewesha wasisahau. Nikawaambia, "Mkono wa kulia ni ule wa kulia ugali. Basi. Ukisahau, fikiria ugali." Wasichana, nilijiona nimegundua dawa. Watoto walishika siku hiyo hiyo. Mwalimu Metrine mwenyewe alinisifu mbele ya wazazi. Nilitembea wiki nzima kichwa juu, mpaka nikajikwaa kwenye ngazi ya ukumbi.

Chemutai alikuja shule mwanzo wa muhula uliofuata. Babake alikuwa amebaki mlimani na shamba, mamake Yunis alikuwa anafua nguo za watu mjini. Chumba chao Kipsongo hakikuwa na mtu wa kumwangalia mtoto mchana. Ama aje kwetu, ama arudi mlimani kwa nyanya yake. Yunis alitaka mtoto asome akiwa naye. Alinishika mkono siku ya kwanza akaniambia, "Kukhu, huyu ndiye nimebaki naye huku. Nishikie vizuri."

Nikamshika vizuri. Kwanza, nikaona anakula kwa mkono wa kushoto. Mimi ni mtu wa zamani. Kwetu ukinyoosha mkono wa kushoto kwenye ugali unarudishwa nao. Sikumchapa, sikumkemea. Nilikuwa nalichukua tonge kutoka mkono huu, nalihamisha mkono ule, natabasamu, naenda kwa mtoto mwingine. Kila siku. Nilidhani ninamfundisha adabu.

Mchezoni mambo yakaharibika. Chemutai akificha gunzi, mwenzake akisema "kulia", yeye anafungua mkono wa kushoto. Akiambiwa "kushoto", anafungua wa kulia. Mwanzoni watoto walidhani anakosea. Baadaye Barasa akatangaza ni mwongo, anafungua mkono usio na kitu makusudi ili asitolewe gunzi. Na mtoto akiitwa mwongo kwenye mchezo, wasichana, jina hilo linamfuata mpaka chooni. Waliacha kumkalia karibu. Yeye naye akaacha kuongea. Mwalimu akimwuliza rangi, kimya. Kuhesabu, kimya. Mkono wa kulia, anainua wa kushoto, polepole, huku anatazama mlango.

Na mikono yake kwenye mchezo ilikuwa baridi na imelowa. Niliishika, nikaijua, nikakumbuka maneno ya Mama Felista, kisha nikaenda kukoroga uji.

Mwalimu Metrine hakuwa mtu mbaya. Alimwita Yunis akamwambia ukweli wake: mtoto hayuko tayari, atabaki nyuma wenzake wakipanda. Yunis alisikiza mpaka mwisho. Akasema, "Akibaki nyuma, wataendelea kumcheka. Afadhali nimpeleke kwa mama yangu mlimani. Huko angalau ataongea na mbuzi."

Ndiyo maana Ijumaa ile alikuja na mfuko wa nguo.

Alisimama mlangoni, maji yanamdondoka, akasema, "Kukhu, asante kwa yote. Nimekuja kumchukua."

Natamani niwaambie nilikuwa na mpango. Sikuwa na mpango wowote. Nilisema tu, "Mama Chemutai, na hii mvua? Ngoja uji uive." Nikageukia watoto, nikapiga makofi, "Haya, iko wapi! Kaeni duara!" Nilikuwa nacheza ili mvua isiishe.

Nilimpa Chemutai gunzi aanze yeye. Barasa akakunja mikono. "Mimi sichezi na mwongo."

"Barasa, utacheza ama utaosha hii sufuria?"

Akaiangalia sufuria. "Nitacheza. Lakini ni mwongo."

Chemutai alipeleka mikono mgongoni, akakaa nayo huko kwa muda mrefu, halafu akatoa ngumi mbili. Barasa akainama akazikagua kama babake anavyokagua tairi.

"Kulia!"

Chemutai akafungua mkono wa kushoto. Haukuwa na kitu.

"Unaona! Unaona!" Barasa akaruka juu. "Si nimesema kulia? Hiyo ni kushoto! Kukhu, si umeona?"

"Mwongo! Mwongo!" pacha wakaitikia, na Nasimiyu akamwambia mama yake mdogo, "Mwalimu, mfukuze."

Yunis akasema taratibu, kama mtu anayeongea na ukuta, "Si nilisema. Kuja twende, mama." Anamwita mtoto wake mama, kama tunavyofanya.

Hapo nikakasirika. Sikukasirikia mtoto, nilikasirikia somo langu, lile lililosifiwa mbele ya wazazi. Nilipiga magoti mbele yake, magoti yakalia kuliko mbao za sakafu. "Chemutai, mjukuu wangu. Mimi nilikuambia mkono wa kulia ni upi?"

Akasema kwa sauti ndogo, "Ni ya kulia ugali."

"Ehe! Sasa ni upi?"

Akainua mkono wa kushoto. Hakusitasita hata kidogo.

"Ah-ah. Hapana. Huu mwingine je?" Nikamgusa mkono wa kulia, ule ambao bado ulikuwa ngumi.

Akautazama. Akanitazama mimi, kwa upole, kama anavyotazamwa mtu mzima anayehitaji kuelezwa polepole. Akautikisa ule wa kushoto. Akasema:

"Hii ni ya kulia. Hiyo ingine ni ya kulia ukiwa unaniangalia."

Wasichana wangu, nilibaki nimepiga magoti. Nilisikia kila tonge nililolihamisha likinirudia, moja moja. Mtoto alikuwa ameshika somo langu kuliko wote. Alikuwa anakula kwa mkono wa kushoto, kwa hivyo wa kushoto ndio wa kulia. Nilimfundisha hivyo mwenyewe, nikamsimamia mezani nikimpinga, halafu nikashangaa mbona haongei.

Aliyecheka kwanza ni Yunis. Alicheka mpaka akashika kizingiti cha mlango. "Huyu ni wa babake! Babake hata jembe analishika hivyo. Kwetu nyumbani nikimwambia mkono wa kulia, ananipa huo huo, na mimi napokea tu, sikuwahi kufikiria!" Mwalimu Metrine akaketi kwenye kiti cha watoto, magoti yakamfika kidevuni, akasema, "Kukhu, kwa hivyo anajua. Tangu siku ya kwanza anajua."

"Anajua kunizidi," nikasema. "Mnisaidie kuinuka."

Barasa hakucheka. Alikuwa amekunja uso, anafikiria. Mdomo hauna breki lakini haki anaitaka. "Kwa hivyo hakudanganya?"

"Hakudanganya."

"Nikisema kulia, anafungua kulia yake?"

"Ndiyo."

Akamgeukia Chemutai. "Na si ungesema!"

Chemutai akamjibu, na hiyo ndiyo mara ya kwanza tulisikia sauti yake ikipanda: "Na si ungeuliza kulia ya nani!"

Basi hapo ukumbi ukapasuka. Pacha waligaragara sakafuni. Mwalimu Metrine, hapo hapo kwenye kiti kidogo, akamwuliza Chemutai rangi ya leso yangu, naye akasema. Akamwuliza hesabu ya watoto waliokuwa kwenye duara; akahesabu, akanihesabu na mimi pia. Jina la mama? "Yunis. Lakini watu wa kufua wanamwita Mama Sabuni." Yunis aliuweka mfuko wa nguo chini. Kisha akausukuma kwa mguu, polepole, mpaka ukaingia chini ya benchi, akaja akachukua kikombe cha uji. Mvua ilikwisha, naye akaenda kufua. Mtoto akabaki. Muhula ulipoisha akapanda na wenzake.

Mimi nikaendelea kuwa mimi. Jumatatu nilikuja na dawa mpya: "Mkono wa kulia ni ule wa kusalimia!" Nikamnyooshea Mulongo mkono. Mulongo alikuwa na mandazi mkono wa kulia, na hakuwa na nia ya kuyaweka chini. Akanisalimia kwa ule mwingine, na darasa lote likaandika somo hilo vichwani. Mwalimu Metrine akaja na nyuzi nyekundu, akawafunga kila mmoja kwenye mkono wa kulia. Kabla ya saa ya uji walikuwa wamebadilishana nyuzi, na Nasimiyu alikuwa nazo zote.

Nafula, wewe na wenzako, mtoto akijibu vibaya, kabla hujamwambia amekosa, mwulize amesikia nini. Mimi nilihitaji mvua, uji, na mama mwenye mfuko mlangoni ndipo niulize. Na mtoto anayekula kwa kushoto mwache ale. Ugali unafika tumboni ule ule.

Sasa niko nyumbani Sirisia, miguu imenistaafisha kabla mwajiri hajafikiria. Mwezi uliopita nilipita Kitale kumsalimia Mwalimu Metrine. Nilikaa kwenye benchi lile lile nikaangalia watoto wapya wakicheza, watoto ambao hawajui jina langu wala la Chemutai. Mmoja akatoa ngumi mbili. Mwenzake akasema, "Kulia!" Na yule wa ngumi, bila kufikiria, kama sehemu ya mchezo iliyokuwepo tangu zamani, akamwuliza, "Kulia ya nani?" Mwalimu Metrine aliniambia hivyo ndivyo wanavyocheza siku hizi. Usipouliza, unatolewa.

Jambo moja tu bado halijaisha. Barasa ni kijana mkubwa sasa, anamsaidia babake kwenye baiskeli, na kila akiniona anadai yeye ndiye aliyeshinda ile zamu ya Ijumaa, kwa sababu alisema kulia na gunzi lilikuwa kulia. Chemutai anasema Barasa alishindwa, kwa sababu alisema kulia, na yeye alipofungua kulia yake hakukuwa na kitu. Mimi nakumbuka gunzi likiwa kwenye mkono ule niliougusa nikiwa nimepiga magoti. Lakini nilikuwa namwangalia mtoto usoni na machozi yalikuwa yananitoka, na miwani sijui nilikuwa nimeiweka wapi. Kwa hivyo nyinyi mliokuwepo, Mwalimu Metrine, Yunis, pacha, hata wewe Nasimiyu, kama nimekosea mkono nisahihisheni. Ila mkiniandikia lilikuwa kulia, tafadhali malizieni sentensi.